Salamu ya Ngalula

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa majirani, hapa Kolwezi watu wazima walikuwa na imani mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzihoji mbele yetu. Ya kwanza: mwanamke akishuka shimoni, jiwe linakimbia, na shaba iliyoonekana jana ukutani leo haionekani. Ya pili: mtoto ambaye bado hajang'oa meno ya utoto huona yaliyofichwa kwa wakubwa, kwa hiyo haulizi bure. Kila moja peke yake haikutudhuru. Zilikuja kukutana kwenye meza ya mama yangu.

Mama naye alikuwa na sheria yake. Sisi ni watu wa asili ya Kasai; babu aliletwa huku kwa kazi ya mgodi, na Mama alitaka ijulikane kwamba watoto wake wamelelewa. Kumpita mtu mzima kimya ilikuwa kosa, na "jambo" tupu haikuhesabiwa kuwa salamu. Ilikuwa lazima useme "jambo tata" kwa mwanamume, kwani tata ni baba, au "jambo mama" kwa mwanamke. Aliyesahau alirudishwa njiani akaanze upya, mbele ya watu. Mdogo wangu Ngalula, aliyekuwa bado na meno yake yote ya utoto, alirudishwa mara nyingi kuliko mimi, na aibu hiyo ikamfanya mwangalifu. Kabla ya kufungua kinywa alimtazama mtu vizuri, kuanzia miguuni.

Mama aliuza bukari, ndio ugali wetu, na samaki wadogo karibu na mashimo ya wachimbaji. Mmoja wa wateja wake alikuwa mgeni kutoka upande wa Kasaji, aliyeitwa Dodo. Alivaa buti na koti lenye kofia hata jua likiwa kali. Uso wake ulikuwa laini, sauti nyembamba, mikono migumu kama ya wenzake wote. Alikula haraka, amewapa watu mgongo.

"Dodo, ukikula mbio hivi, bukari itakuogopa," wenzake walimtania.

"Iogope tu. Njaa yangu haina haya."

Watu walimpenda kwa majibu hayo. Lakini msimu ule shimo lao lilikuwa limekauka. Walitoa udongo na mawe yasiyo na rangi, na mkuu wa shimo, yule ambaye wachimbaji humwita pedeje, alikuwa ameanza kumtafuta mwenye kosa.

Mchana mmoja, pedeje na wachimbaji wake wakiwa wanakula, Dodo alikuja kuchukua sahani yake. Ngalula alisimama mbele yake, tayari kusalimu, akakwama. Aligeuka akauliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kufanya jambo sawasawa:

"Mama, uyu ni tata ao ni mama?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani wangecheka baadaye kidogo, kama Mama angewaachia nafasi. Lakini Mama aliruka, akamfunga Ngalula kinywa kwa kiganja chenye unga, akasema, "Nyamaza! Batakusikia."

Nimeyapima maneno hayo kwa miaka mingi. Mama hakujua siri yoyote. Aliona aibu tu, kama mzazi yeyote ambaye mtoto wake amesema neno mbele za watu. Ila kwa waliokuwa pale, mzazi hamfungi mtoto kinywa isipokuwa mtoto ameona.

"Mama Ngalula," pedeje alisema, "juu ya nini unamufunga mutoto? Umuache aseme."

"Ni mutoto tu, tata. Hajui kitu."

"Batoto banaona." Akamgeukia Dodo. "We ni nani?"

"Mi ni mutu wa kazi. Munaniona kila siku."

"Kazi tunaiona. Jiwe ndiyo hatuioni."

Hapo ndipo walipocheka. Dodo aliweka sahani chini, haijaisha. Aliwatazama mmoja mmoja wale aliokuwa akishuka nao shimoni, na kila aliyetazamwa alikuta kitu cha kuangalia chini. Alichukua koleo lake akaondoka akifuata njia ya reli, asirudi tena. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na sidhani ilitupasa kujua. Mama aliosha ile sahani.

Jiwe halikurudi. Mtu angedhani basi imani ile ingeisha, lakini imani haifi kwa sababu ndogo hivyo. Walisema yuko mwanamke mwingine aliyejificha. Wakaanza kuwaleta wageni mbele ya meza yetu, kijana huyu na yule, kila mwenye uso laini au sauti ya juu, na kumwinamia Ngalula: "Angalia uyu, ni tata ao ni mama?" Swali lake mwenyewe, sasa mdomoni mwa wanaume wazima. Ngalula alijificha chini ya meza. Walimtoa kwa upole, kwa ndizi na pipi, wakangoja. Mama alikataa siku za kwanza, kisha akachoka kukataa. Ngalula alikoma kuuliza, akakoma kusalimu, mwishoni akakoma kuwatazama watu usoni. Baba alimpeleka Fungurume kwa shangazi, akakulia huko.

Mtoto akiuliza hivyo hataki kumvua mtu nguo. Anataka kujua namna ya kukaa naye. Mama angeweza kusema, "Anaitwa Dodo, umusalimie kwa jina yake." Nilimwambia hivyo mwaka juzi, amekwisha kuzeeka.

"Ningejibu nini?" alisema. "Hata mi sikujua."

"Ungesema hujui."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa angeweza kuruka kama ndege. "Mukubwa anaambia mutoto hajui?"



Ngalula anashona nguo huko Fungurume. Wateja wanasema kazi yake ni safi, lakini ana kiburi, haitikii hata salamu. Nilikwenda nikamweleza yote niliyoyaandika hapa: kwamba swali lake lilikuwa zuri, kwamba lilitoka kwenye adabu, na kwamba sisi wakubwa ndio tuliolikosea. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye kitambaa. Nilingoja aniulize chochote. Alikata uzi kwa meno, akageuza nguo upande wa pili, akaendelea.