Jiwe la Rugamba Kwenye Foleni ya Wimbledon

Katika uwanja wa ndege wa Louisville, mkaguzi wa mizigo alitoa jiwe kwenye begi la kaka yangu Rugamba akaliweka mezani. Lilikuwa jiwe bapa, ukubwa wa kiganja, limeandikwa RUGAMBA kwa rangi nyeupe ya kucha.

"Bwana, hii ni nini?"

"Jiwe."

"Naona ni jiwe. Ni la kazi gani?"

"La foleni," akasema kaka, kama mtu aliyemaliza kujibu.

Mkaguzi aliligeuza, akaligeuza tena, akamrudishia. Hivyo ndivyo jiwe lililookotwa uani kwake, kitongoji cha Shively, lilivyopanda ndege kwenda Uingereza.

Wengi waliokuja kumzika mwezi wa pili waliniuliza habari za jiwe hilo. Kila mmoja alikuwa ameisikia hadithi kwa namna moja tu, ile aliyoisimulia mwenyewe huku akicheka. Mimi ni Ingabire, mdogo wake, ninakaa Columbus. Naiandika sasa yote, pamoja na kipande alichotuficha.

Tulizaliwa kwa wafugaji wa ng'ombe kwenye milima ya juu ya Kivu Kusini, Kongo, kisha tukakaa kambini Rwanda miaka kumi na minne. Aliyekaa kambini anajua foleni. Maji ni foleni, mahindi ni foleni, kuni, daktari, kuandikishwa majina, vyote foleni. Asubuhi kabla bomba halijafunguliwa, kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, kisha akaenda zake kusali au kuwaangalia watoto. Jiwe lilikuwa ni mtu. Mstari ukisogea, jirani alisogeza dumu lake kwa mkono na jiwe lako kwa mguu. Niliwaona wanaume wawili ambao hawakusalimiana kwa mwaka mzima, lakini kila asubuhi mmoja alisogeza jiwe la mwenzake. La Rugamba aliliandika jina kwa mkaa. Mvua ikilifuta, analiandika upya.

Tulipoletwa Amerika tuligawanywa: yeye Louisville, mimi Columbus, na mdogo wetu Aline akapelekwa Buffalo, kule Lower West Side. Kaka alipata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Aliwaogesha, aliwavisha, aliwalisha, na alikuwa hodari. Nasema hivyo bila kumkweza, maana wazee wenyewe walikataa kunyolewa na mtu mwingine.

Miongoni mwao alikuwapo Mwingereza mmoja aliyeoa hapo Kentucky akabaki. Kila mwezi wa saba mzee yule alitaka televisheni igeuzwe ielekee kitanda chake atazame tenisi ya Wimbledon. Kabla mchezo haujaanza Rugamba alimnyoa na kumvisha shati lenye kola, kama anayempeleka kanisani, kisha wakatazama pamoja. Alijifunza mchezo wote isipokuwa hesabu yake. "Kumi na tano, thelathini, arobaini," alituambia. "Nani alihesabu hivi? Mlevi?"

Siku moja mzee alimweleza kwamba tiketi nyingi huuzwa mapema, lakini kila asubuhi ya mashindano huachwa nafasi kwa watu watakaokuja kupanga foleni kwenye majani ya bustani iliyo karibu. Huhitaji kujuana na mtu. Unasimama tu, zamu yako ikifika unaingia.

"Huhitaji kujuana na mtu?" Rugamba aliuliza.

"Hata kidogo."

"Mzee, kama ni foleni tu, mimi nimesomea."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Alifariki mwaka uliofuata, lakini maneno yake hayakumtoka kaka. Wakati huo alikuwa amepata uraia, na pasipoti yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini na nne. Alikuwa amevuka mipaka miwili maishani, na kila mara alivuka bila kurudi. Safari hii alitaka kwenda mahali kutazama tu, kisha arudi nyumbani. Na alitaka kuingia mlango ule kwa zamu yake, kama mtu yeyote.

Jumapili baada ya ibada huwa tunapigiana simu sisi watatu. Aline, aliyezoea kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, hakumwonea huruma.

"Donc, yaya, unapanda ndege, unavuka bahari, unaenda kusimama kwenye mstari? Hukushiba mistari ya kambini?"

"Ile ya kambini nilipangwa. Hii najipanga mwenyewe."

"Hapo kwenu Louisville kuna mbio za farasi, watu wanatoka Uingereza kuja kuziona. Mtapishana angani!"

"Farasi nawasikia kwenye redio. Na farasi si ng'ombe, nitamtazama nini?"

Kazini alipewa siku nne tu. Ukiondoa za safari, ilibaki siku moja kamili, Alhamisi. Akiikosa siku hiyo, basi. Mkewe, Florida, alimfungia maandazi na sweta, akamwambia asizungumze na kila mtu. Hilo la mwisho lilikuwa bure.

Sasa hadithi kama alivyoisimulia yeye.

Alifika kwenye bustani saa kumi na mbili asubuhi na kukuta maelfu ya watu wameketi kwenye majani, wana mahema, viti vya kukunja, chai ya chupa. Wazee wenye kofia na beji walisimamia mistari. Mmoja alimpa kadi yenye namba, elfu tatu mia nane na kitu. Rugamba aliipenda kadi ile kuliko pasipoti. Nyuma yake aliketi mama wa Kiingereza, muuguzi mstaafu, jina lake Patricia, anayekuja kila mwaka na mto wake wa kukalia. Katika saa moja kaka alikuwa amemweleza ukoo wetu wote na kumlisha andazi.

Saa tatu ilipofika, alitaka kusali. Rugamba hakuanza jambo kubwa bila kusali. Alitoa jiwe, akaliweka juu ya koti lake, kadi chini ya jiwe, akamwambia Patricia, "Mama, huyu ni mimi. Mstari ukisogea, unisogeze." Akaenda chini ya miti, akapiga magoti.

Wanaomjua wanajua kwamba maombi ya Rugamba hayakuwa ya dakika tano. Aliombea kanisa, Kongo, wazee wake wa Louisville mmoja mmoja kwa majina, miguu ya Florida, na mimi na Aline. Aliposimama, ilikuwa imepita saa nzima na zaidi, na mahali alipoacha jiwe hapakuwa na kitu. Palikuwa na majani yaliyolala.

"Nikatazama mbele," alisema, na hapa alikuwa anasimama katikati ya sebule ili aonyeshe. "Nikaona Patricia kule mbali. Mkono mmoja ana mto wake, mkono mwingine amenibeba mimi!"

Patricia alikuwa amelisogeza jiwe kila mstari ulipoondoka, na mwisho akaona aibu kulisukuma kwa mguu, akalibeba pamoja na koti. Msimamizi alikuwa amepita kukagua.

"Nani yuko hapa mbele yako?"

"Bwana Rugamba," alisema Patricia, akaonyesha jiwe.

"Huyu?"

"Ameandikwa jina."

Kaka alipofika akihema, msimamizi alikuwa amelishika jiwe anasoma. Sheria ya pale ni kwamba mtu anaruhusiwa kuondoka nusu saa, si zaidi, na kitu hakiwezi kumshikia mtu nafasi.

"Bon," kaka alimalizia kila mara, "wakanipeleka mkiani, mwisho kabisa, na jiwe langu mkononi!"

Tulicheka sana, na Aline kuliko wote. Alimpa jina la Mzee wa Jiwe. "Miaka kumi na minne ya mafunzo, yaya! Wazungu wamekurudisha darasa la kwanza!" Hata watoto kanisani walimwita hivyo. Naye aliitika.

Aliingia, ndiyo. Kadi yake mpya ilikuwa ya elfu kumi na moja na zaidi. Alisimama tangu saa nne na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, maana kule nyuma waliingizwa kadiri wengine walivyotoka. Alituma picha moja, ya viatu vyake juu ya njia ya lami ndani ya lango, na maneno mawili: "Nimeingia. Zamu." Alitazama wasichana wawili wasio na jina kubwa wakicheza uwanja mdogo wa pembeni, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Alisema mpira ukigonga majani hutoa sauti ambayo televisheni haiitoi. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado linaonekana, naye alikuwa bado ameketi pale na maandazi mawili ya mwisho. Jumamosi alirudi kazini.

Hiyo ndiyo hadithi tuliyokuwa nayo kwa miaka miwili. Kisha mwezi wa pili moyo wake ulisimama, akifunga kamba za viatu aende kazini. Florida alimpata ameinama, kama anayesali, akamwacha kidogo.

Sitaandika mengi juu ya siku hizo. Bwana alimtaka, na najua alipo.

Siku moja kabla ya maziko, simu ya Florida ililia. Ilikuwa Patricia. Yeye na kaka walikuwa wakitumiana salamu kila Krismasi, na Florida alikuwa amemjulisha. Aline alikuwa ameshafika kutoka Buffalo, tukaiweka simu mezani tusikie wote.

Patricia alilia kidogo, kisha akataka kuzungumzia siku ile. Aline, ili kumtuliza, alimwambia, "Tunaijua. Walimfukuza hadi mwisho wa mstari."

"Nani alimfukuza?" Patricia aliuliza.

"Yule msimamizi."

"Hapana. Hapana kabisa. Yule bwana alimwambia akae."

Tulitazamana.

Patricia alieleza. Msimamizi alimuuliza kaka alikuwa wapi, kaka akajibu kweli, nilikuwa nasali, nimepitiliza. Msimamizi alitazama jiwe, akatazama watu waliokuwa karibu, na wote walikuwa wanacheka na kusema mwache, mwache. Akamrudishia jiwe. Akasema, "Kaa, Bwana Rugamba. Jiwe lako halikuondoka."

"Nilifurahi sana," Patricia alisema. "Nikampa mto wangu aketi. Lakini yeye aliuliza, huko nyuma kuna watu wangapi? Msimamizi akasema, maelfu. Akauliza tena, je, wote wataingia? Akaambiwa, hapana, kuna mahali tutakata. Basi akachukua koti lake. Nilimshika mkono, nikamwambia, una siku moja tu, uliniambia mwenyewe! Akasema anajua. Akasema kuna mtu huko nyuma ambaye hakuondoka, na atafungiwa dirisha. Mpaka leo sijaelewa. Ni bustani tu. Pale hapakuwa na dirisha."

Florida alinitazama. Aline alikuwa mchanga wakati ule wa kambini, hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama yetu, Béatrice, alisimama kwenye foleni ya mahindi tangu alfajiri, mimi kando yake, Rugamba akiwa kijana wa miaka ishirini, ameshika upande wa pili wa gunia. Mbele kabisa, wanaume wawili waliojuana na mlinzi walipenya. Watu walinung'unika kisha wakanyamaza. Mama alipofika dirishani, mikono ya ndani ilivuta ubao. "Yamekwisha." Mama alilikunja gunia tupu mara nne, vizuri, kama kitambaa cha meza, akaliweka kwapani. Rugamba alibaki anatazama ule ubao mpaka mama alipomwita.

Niliwaeleza Aline na Patricia habari hiyo, polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza.

Aline alijifunika uso kwa kitenge. "Na mimi nilimwita Mzee wa Jiwe," alisema. "Miaka miwili. Naye aliitika."

"Alilipenda," Florida alisema. "Usilie kwa hilo. Angetaka sifa, angezisema mwenyewe. Mungu alikuwa ameona, kwake ilitosha."

Kesho yake kanisa lake la South End, Louisville, lilijaa mpaka nje. Watu wa milimani walikuwapo, wafanyakazi wenzake, hata wazee watatu kwenye viti vya magurudumu, wamenyolewa vizuri. Mstari wa kumuaga ulitoka madhabahuni ukapita mlango mkuu hadi maegesho ya magari, kwenye baridi. Kwetu ndugu hupita kwanza. Mmoja wa wapokezi alituona mimi na Aline tukiingia, tulikuwa tumechelewa kwa kwenda kuchukua maua, akatufungulia njia kwa mkono.

"Dada zake marehemu, piteni. Huyu ametoka Buffalo, mpisheni."

Watu walianza kusogea pembeni. Aline alikuwa na jiwe kwenye mkoba, Florida alikuwa amempa alishike. Aliwatazama waliokuwa wamesimama pale, wengine kutoka zamu ya usiku, na sare za kazi bado mwilini.

"Asante, baba," alisema. "Hawa wamefika kabla yetu."

Akanishika mkono, tukatoka nje, tukapita magari moja baada ya lingine mpaka tulipompata mtu wa mwisho, mama mmoja asiyetujua, mwenye koti jekundu.

"Mwisho ni hapa?" Aline alimuuliza.

"Ni hapa," alisema. "Lakini mstari unasogea."