Manju Aliyepotewa na Miito

Katika bonde lile la Wisconsin, harusi ilipofungwa au kanisa lilipochangisha fedha za paa jipya, aliyeitwa alikuwa Verlyn Haugen. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, lakini sifa yake ilikuwa umanju. Yeye ndiye aliyesimama jukwaani akiwapigia wacheza dansi miito, jozi nne katika kila mraba: huyu amzunguke yule, mke wa huyu aende kwa jirani, mpaka ukadhani wamechanganyika kama nafaka guniani. Kisha, kwa mwito mmoja wa mwisho, kila mume akajikuta amemshika mkewe mkono. Hakusoma popote. Aliitunga papo hapo, huku akitania.

"Leland, hiyo fidla unaipiga au unaikuna?"

"Naikuna," rafiki yake alijibu. "Ina upele kama wewe."

Majira ya baridi yalipoingia, Verlyn akaanza kushika kifua kila alipozoa theluji mlangoni. Hospitalini wakaona mshipa wa moyo umeziba. Yeye akataka kungoja mpaka jua lirudi. Ardis, mkewe, hakutaka hata kulisikia.

"Unangoja nini? Nikuokote kwenye theluji?"

Basi daktari akampitishia mpira mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni, akaacha humo kijibomba cha waya kilichofumwa kama wavu ili kuushikilia mshipa wazi. Haukupita muda Verlyn alirudi nyumbani, rangi imemrudia usoni. Majirani wakaleta viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, wakamshukuru Mungu.

Lakini Ardis alianza kuona mambo. Koleo ndani ya friji. Swali alilojibiwa sasa hivi, analiuliza tena. Masihara yanayoanza vizuri, halafu yanakata kama uzi. Akajiambia ni dawa, ni uchovu, yatapita.

Siku mjukuu wa Leland alipoolewa, ukumbi ulijaa. Verlyn alianza kwa sauti ileile. Katikati akasita kidogo, akawapeleka kushoto waliopaswa kwenda kulia, na mwito wa mwisho ulipotoka hakuna aliyempata wake. Bibi harusi alikuwa amemshika mkono mchungaji.

"Mzee leo katuoza upya," mtu alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Verlyn naye akacheka. Ardis hakucheka, maana aliona jinsi vidole vya mumewe vilivyong'ang'ania kipaza sauti.

Verlyn akajaribu tena, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu alisimama kinywa wazi, hakuna neno. Leland akaurudia wimbo, akaurudia, mwishowe akashusha fidla. Watu wakawa wanatazama viatu vyao.

Garini Verlyn alisema, "Zamani niliuona mraba wote kichwani, kama unavyoona sahani mezani. Leo nimeona watu tu, Ardis. Watu wamesimama."

Daktari wa moyo aliwapokea kwa furaha. "Moyo wa kijana huu."

"Sikuja kwa ajili ya moyo, daktari," Ardis alisema.

Akaambiwa ni umri, ni wasiwasi wa mgonjwa. Akang'ang'ana kama kupe, hadi wakapelekwa kwa daktari wa ubongo, mama mmoja mpole aitwaye Sutherlin. Huyo akaamuru picha ya kichwa, kisha akawaonyesha madoa meupe, madogo kama chenga za mchele.

"Haya ni makovu ya viharusi vidogo, vya kimya," alisema. "Mdomo haupindi, mkono haufi ganzi, kwa hiyo hakuna anayejua. Mpira ukipita kwenye mshipa mkubwa, chembe zilizoganda ukutani zinaweza kubanduka zikapanda kichwani. Wengi hata hawahisi tofauti. Na wewe siwezi kukuapia kuwa ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu hukupigwa picha kabla."

"Yatafutika?" Verlyn aliuliza.

"Hayafutiki. Wakati mwingine ubongo hujitafutia njia nyingine."

Jioni hiyo Verlyn alikuwa akimenya viazi. Ardis akashindwa kuvumilia.

"Mimi ndiye niliyekusukuma."

"Usingenisukuma, ningekuwa nimeshazikwa." Akamenya kingine, polepole. "Lakini ukiniuliza leo ningechagua lipi, mke wangu, sitakujibu haraka."

Ardis alitoka akaenda kulilia zizini, walikokuwa hawafugi tena kitu.

Ile njia nyingine ya ubongo haikupatikana. Leland alikuja mara nyingi na fidla yake, wakajaribu miito ya watoto, hadi Verlyn mwenyewe akamwomba aache. Umanju akauchukua mwanamke mmoja wa bonde la pili, mwenye sauti nzuri.

Walikwenda kumsikiliza mara moja tu. Verlyn akaingia mrabani kama mchezaji, mkono wake katika mkono wa Ardis. Mwito ulipotoka wenzake walikwenda kulia, yeye kushoto. Hakuna aliyecheka safari hii. Kila aliyempokea alimshika mabega, akamgeuza taratibu, akamwelekeza kama mgeni, naye akamwambia kila mmoja, "Asante, samahani." Upole ule ulimchoma Ardis kuliko kicheko.

Wimbo haujaisha, Verlyn akatoka mrabani, akaenda kusimama kwenye makoti. Alitafuta lake kwa muda, nalo lilikuwa limetundikwa mbele ya macho yake. Ardis akamfuata, akalitungua, akamvika mkono mmoja, kisha wa pili. Jukwaani Leland aliwaona, lakini watu walikuwa katikati ya mchezo, akaendelea kupiga.