Hamisa Alipovunja Ungo

Sisi tuliosoma Kisarawe enzi za Mwingereza tunajua maana ya kwenda shule. Wajukuu zangu hapa Kibaha wanashushwa na basi mlangoni pa shule, na bado wanasema wamechoka. Sisi tulitoka nyumbani alfajiri, peku, kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi, na kila mmoja na ufagio wake wa chelewa, maana ukifika bila ufagio ulichapwa kabla hujasalimia. Tulicheza rede mpaka kengele ilie, tukaingia darasani tunanuka vumbi, tukaimba hesabu za kuzidisha kwa sauti ya kufukuza kunguru. Raha ilikuwepo, nisidanganye.

Wasichana tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mimi nilikuwa darasa la pili. Dada Hamisa, binti wa marehemu baba yangu mkubwa, alikuwa la nne. Alilelewa nyumbani kwetu na bibi, hana mama wala baba, ana gauni moja analolifua Jumamosi ili alivae Jumatatu. Lakini kichwa chake! Mwalimu wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimwambia akifaulu mtihani wa la nne atapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Hamisa akaanza kuota kitanda. "Kitanda changu peke yangu, mdogo wangu," aliniambia, kwani tulilala watatu kwenye kitanda cha kamba, na wa katikati alikuwa bibi.

Ulibaki kama mwezi mmoja kabla ya mtihani alipovunja ungo. Aliniambia kisimani, anafua kitambaa. "Usimwambie bibi. Niache nifanye mtihani kwanza, kisha nitamwambia mwenyewe." Mliokulia Uzaramoni mnajua alichokuwa anakiogopa. Msichana akishavunja ungo ni mwali, na mwali huwekwa ndani, haonekani tena njiani mpaka achezwe ngoma, na mara nyingi anatoka kwenda kuolewa. Nikaapa sitasema.

Wiki tatu nilinyamaza. Kisha jirani yetu akamtoa mwali wake. Nilimwona yule dada amevikwa shanga na kanga mpya, amebebwa mabegani, ngoma zinalia, na wadogo zake wanakula pilau mpaka matumbo yanang'aa. Nilirudi nyumbani na wivu. Hamisa naye angechezwa hivyo, nami ningekula nyama, nikamshika na yule mwanasesere wa mti ambaye mwali hupewa amlee kama mtoto. Kesho yake, bibi akiwa ananisuka, nikamwambia. Wallahi sikuwa na ubaya. Nilidhani nampa habari njema, na kwake ilikuwa habari njema kweli. Alipiga kigelegele pale pale, akaondoka na kuniacha nimesukwa upande mmoja.

Hamisa aliporudi kutoka kuchota maji alikuta chumba kimeshafagiliwa kwa ajili yake na dirisha limezibwa kwa gunia. Bibi alimwambia ameona mwenyewe, kwamba mtu mzima hafichwi jambo la namna hiyo. Hamisa hakubisha. Enzi zile bibi habishiwi.

Mwalimu alikuja kwa miguu. "Shikamoo, mama. Nimemfuata Hamisa, kwa siku moja tu. Afanye mtihani, nitamrudisha mwenyewe, nimemfunika kanga." Bibi alimkaribisha kwa adabu zote, akampakulia mbaazi za nazi. "Mwalimu, watu watasema mwali wangu ametembea. Nani atamwoa?" Baba alikuwepo, akatazama miguu yake.

Siku ya mtihani mimi nilikwenda shule. Jioni Hamisa aliniita mlangoni kwake, akaniomba nimtajie maswali waliyoulizwa wenzake. Sikuyajua. Nilikuwa la pili.

Aliolewa kijiji cha Janga, akalima, akazaa saba, na mabinti zake wote aliwasomesha. Mimi nilipovunja ungo bibi alikuwa ameshafariki. Baba aliniacha niendelee, nikawa mwalimu.

Mwaka juzi Hamisa alikuja kunitembelea Kibaha. Tunakunywa chai, mara mjukuu wangu akatokea na sare zake, akasema mbele ya babu yake bila kushusha sauti, "Bibi, nimeingia mwezini, pedi zangu umeziweka wapi? Nachelewa, leo tuna mtihani." Tulicheka mpaka machozi. Watoto wa siku hizi hawana haya, na heri yao. Hamisa akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Afadhali bibi aliona mwenyewe," akasema. "Ingekuwa kuna mtu kamwambia, mdogo wangu, mtu huyo nisingemsamehe."

Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama chai imekolea sukari.

Miezi michache baadaye tulimzika kule Janga. Siku hizi msichana anatangaza jambo lake sebuleni, kisha anakwenda zake kufanya mtihani. Enzi zetu jambo hilo hilo lilihitaji mtu wa kulificha, na mtu huyo nilikuwa mimi.