Kampuni Iliyokuja Kuniposa

Nilipotoka edani, shemeji yangu, nduguye marehemu mume wangu, alianza kunijia kila alasiri. Hakuja kunioa, alhamdulillahi. Alitaka kuniozesha kwa kampuni ya umeme. Si hii iliyotutilia taa mjini. Nyingine, ya huko ng'ambo. Niuze nyumba niliyoachiwa na mamangu hapa Mji wa Kale, nyumba ambayo ndimo nalala na ndimo nashonea kofia zangu, pesa zote nizitie kwenye hisa. Ati hisa moja yauzwa shilingi kumi na mbili, na kila mwaka yatoa gawio la shilingi moja na nusu. Nyumba gani italeta kodi kama hiyo?

Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini siku hiyo nilizimeza. Kwetu mposaji akija hatutazami sinia la halua aliloleta. Twauliza ala wapi, na adaiwa na nani. Nikavaa buibui nikaenda Kilindini kwa wakala wa hisa, mzee wa Kihindi mwenye adabu zake. Tukaulizana hali, na za nyumbani, na za watoto, mpaka chai ikaja. Ndipo nikaanza. Kampuni hii ina umri gani? Wazee wake ni kina nani? Ina madeni? Mzee akadhani nafanya mzaha. Nikamwambia sijatoka nyumbani na jua hili kuja kufanya mzaha.

Akafungua kitabu cha hesabu. Kumbe mwaka uliopita hisa hiyo hiyo ilikuwa shilingi ishirini na tano! Gawio halikuongezeka hata senti. Bei ndiyo iliyoanguka, na gawio likaonekana nono. Na faida waliyopata haikufika hata nusu ya gawio lenyewe.

"Hiyo nusu nyingine waitoa wapi?" nikamuuliza.

"Wamekopa benki, bibi. Wenye hisa wasije wakakimbia."

Chai ikanipoa mkononi. Marehemu mume wangu aliniletea mahari ambayo mtaa mzima ulijaa madirishani kuitazama. Fungate haijesha, wenye pesa zao wakaanza kubisha hodi, mmoja mmoja. Kofia nilizoshona miaka minne zilikwenda kulipa mahari yangu mwenyewe.

Shemeji alipokuja na karatasi zake nitie dole gumba, nikamweleza yote: kampuni hii yalipa mahari kwa deni, na nyumba siuzi. Akakasirika. Akasema nduguye naye alikuwa hivyo hivyo, mbona yeye nilimvumilia?

"Yule nilimpenda, shemeji. Hawa siwapendi."

Akakunja karatasi zake akaondoka, kahawa hakuimaliza. Mimi nikakaa palepale nikalia mpaka pembe ya leso yangu ikalowa, kwa kuwa neno lile sikuwa nimepata kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya marehemu mwenyewe.