Chaneli Niliyoichagua kwa Uvivu

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya redio.

Usidhani ni redio ya kusikilizia muziki. Hii ilikuwa ya mawasiliano, unabonyeza kitufe unazungumza, ukiachia unamsikia mwenzako. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia Msambweni, na simu ya waya ya Shimoni ilikuwa ikifa leo, inafufuka wiki ijayo. Shirika dogo lililokuwa na zahanati vijijini likapata redio mbili zilizokwisha kutumika. Moja ikawekwa zahanati ya Shimoni kwa Nesi Saumu, na ya pili ikawekwa ofisini Msambweni, kwangu mimi. Nje ya ofisi palikuwa na gari la wagonjwa na dereva wake, Kaka Hamisi. Mgonjwa akizidiwa kule, Saumu ananiita, mimi namwambia Hamisi, Hamisi anaondoka. Kazi yote ilikuwa hiyo tu.

Sisi ni Wakamba, unajua. Baba alituleta pwani nikiwa mdogo, akapata shamba kwenye ardhi ya makazi iliyogawiwa na serikali, na ndugu zangu wote walikuwa watu wa jembe. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilikuwa najiona, sikufichi. Nilivaa sketi ya pasi kila siku na niliongea kwenye ile redio kwa sauti ya mtu mkubwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu lilianzia hapa. Redio ile ilikuwa na chaneli kumi na sita. Ukiiwasha inafunguka kwenye chaneli ya kwanza. Hoteli za Diani nazo zilikuwa na redio za aina hiyo hiyo, na mashua za kuwapeleka watalii kisiwani Wasini pia, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuihamisha ya kwake. Kwa hiyo pwani nzima ya kusini ilikuwa imejazana kwenye chaneli ya kwanza. Mabawabu, wapishi, manahodha, wote humo. Mkubwa wetu wa kazi akaniambia, “Mutheu, tafuta chaneli iliyotulia, mhame nyote wawili.”

Nilitafuta siku hiyo hiyo mchana, saa saba na nusu, wakati watu wa hoteli wamepumzika na mashua zimefunga. Nikazungusha kitasa mara moja tu, kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Nikasikiliza kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kimya. Nikampelekea Saumu habari kwamba tunahamia ya pili, nikarudi kwenye gazeti langu.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyajua, na sikutaka kujisumbua kuyajua. La kwanza ni kwamba chaneli zinazopakana zinaingiliana. Mwenye mtambo wenye nguvu akizungumza kwenye ya kwanza, sauti yake inamwagika mpaka ya pili, na hata ya tatu unaisikia kwa mbali. La pili ni kwamba kimya cha mchana si kimya cha asubuhi. Nilichagua saa ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuzungumza.

Baada ya hapo tukaanza kusikia mikwaruzo. Maneno yanakatika, sauti za watu wengine zinapita katikati. Saumu alinilalamikia mara mbili tatu. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Basi Jumamosi ile, kama saa mbili asubuhi, redio ikaita. Ndiyo saa ambayo mashua zilikuwa zikipakia wageni pale gatini Shimoni, hatua chache kutoka zahanati, na hoteli nazo zinawahesabu wageni wao kutoka Diani. Nilimsikia Saumu akisema, “Msambweni, tuleteeni gari…” kisha mkwaruzo, kisha sauti ya kiume ikasema, “…jioni, saa kumi, wakishakula.” Halafu Saumu tena, “…mzazi…” na mkwaruzo. Halafu yule mwanamume akacheka.

Nilichofanya ni kuviunga vile vipande mwenyewe. Gari. Mzazi. Jioni, saa kumi. Nikajiambia kuna mzazi, mama aliyekwisha kujifungua, wa kurudishwa nyumbani jioni. Nikabonyeza nikasema, “Sawa, Shimoni, nimekupata,” na nikamruhusu Hamisi apeleke dawa Ukunda.

Saa nne na ushei lori la samaki lililotoka Shimoni likasimama mbele ya ofisi. Dereva hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akasema nesi anauliza gari liko wapi, yule binti anakufa.

Binti huyo aliitwa Zuhura, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Lori lile lile likageuza likamfuata, wakamlaza juu ya magodoro penye barafu na harufu ya samaki, wakamfikisha hospitali. Zuhura walimwokoa. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshafariki.

Siku ya tatu nilikwenda Shimoni kutoa pole. Njiani nilikuwa nimejitayarishia maneno. Ningeeleza habari za mitambo, habari za mashua, habari za redio kuukuu. Nilimkuta mama yake Zuhura, Bi Mejumaa, ameketi ukumbini na wanawake wenzake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkeka nikae. Nikampa pole, kisha nikaanza kueleza. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

“Mimi nilisimama pembeni ya nesi,” akasema. “Alisema maneno yale mara nne. Wewe uliyasikia mara ngapi?”

“Nilisikia vipande, mama.”

“Na ulipopata vipande, ulimuuliza arudie?”

“Sikumuuliza, mama.”

“Mashine yenu mimi siijui. Nani aliyechagua ikae pale ilipokaa?”

“Ni mimi.”

“Basi usinieleze habari za mashine. Rudi ukachague tena. Na safari hii uchague kama anayelala humu ndani ni mamako mzazi.”

Hakunipigia kelele. Aliinuka akaenda kumpa bintiye uji, na mimi nikatoka nje nikasimama uani nikishika ukuta. Nililia, ndiyo, lakini nilikuwa nimekasirika zaidi, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilipofika Msambweni nilikuwa nimeshaamua.

Mkubwa wetu naye alikuwa na shauri lake. Alitaka tununue antena ndefu zaidi, tuwazidi wengine nguvu. Nikamwambia hapana. Alishangaa, maana sikuwahi kumpinga. Nilimwambia tukipanda juu zaidi tutasikia makelele mengi zaidi, na sisi tutawakanyaga watu kama tulivyokanyagwa. Nikamwomba wiki mbili. Akasema wiki mbili za kufanya nini? Nikasema za kusikiliza.

Nilichukua daftari la shule, nikalichora mistari, chaneli kumi na sita upande mmoja, saa za siku upande mwingine. Alfajiri nilikuwa ofisini, adhuhuri, magharibi. Kila chaneli naipa robo saa, naandika ni nani yumo, ana nguvu kiasi gani, anaongea kwa muda gani. Ya sita nilikuta malori ya samaki. Ya tisa ilikuwa na watu wa kokoto na barabara. Ya kumi na mbili ikanifurahisha, safi kabisa, siku sita mfululizo sikusikia hata mtu kukohoa. Nilikuwa karibu kuichagua. Siku ya saba ikawa siku ya mnada wa mifugo, na wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Kinango wakaimiminikia toka asubuhi mpaka jua kuzama. Nikaifuta. Ningelichagua siku ya sita, ningelirudia kosa lile lile.

Mwisho nikabaki na ya kumi na nne. Upande wa juu na upande wa chini palikuwa patupu, na hata Jumamosi asubuhi haikuwa na mtu. Lakini nilijua kuwa leo ni tupu, kesho yeyote anaweza kuingia. Nikapanda gari mpaka Diani kumtafuta msimamizi wa redio za ile hoteli kubwa kuliko zote, kijana wa bara aitwaye Otieno. Ile sauti iliyosema “jioni, saa kumi” ilikuwa yake.

Siku ya kwanza bawabu alinizuia getini. Siku ya pili Otieno alikuja, nikamweleza habari za Zuhura, akanisikiliza akiwa amesimama. “Sista, hizi chaneli si za mtu,” akasema. “Kila mtu anaongea anapotaka.” Siku ya tatu nikaja tena. Nikamwambia sitaki kugombana naye, nataka aje asikilize Jumamosi moja tu akiwa kwangu. Nadhani alikubali ili niache kumsumbua.

Alikuja. Alimwachia msaidizi wake redio ya hoteli, akaketi kwenye kiti changu, na redio nikaiweka kwenye ya pili kama zamani. Nilikuwa nimepanga na Saumu asome majina ya wagonjwa wa siku hiyo, polepole, moja moja. Saumu akaanza. Jina la kwanza likapita. La pili likakatwa na msaidizi wa hoteli akiulizia maboya. La tatu halikufika kabisa. Otieno alijaribu kusogea karibu zaidi na spika, kama vile ingesaidia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama siku ile ya yule binti ni yeye aliyekuwa akizungumza. Nikamwambia ndiyo, lakini chaneli niliichagua mimi.

Jumatatu akapunguza nguvu ya mtambo wake, ambao kumbe muda wote ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho wakati yeye anazungumza na watu walio bustanini tu. Akawafundisha manahodha wabaki kwenye ya kwanza, akanisaidia kuwaendea watu wa hoteli nyingine mmoja mmoja, tukakubaliana kwa mdomo tu kwamba kumi na tatu mpaka kumi na tano haziguswi. Mimi na Saumu tukahamia ya kumi na nne, tukaongeza sharti letu: atakayepokea ujumbe lazima aurudie wote kwa maneno yake, na asiposikia aseme hajasikia.

Miezi minne baadaye, Jumamosi tena, saa ile ile ya mashua, Saumu akaita. Mama wa watoto watano amejifungua na damu haikatiki. Alisema mara moja. Nikamrudishia maneno yake yote, akasema ndivyo, na Hamisi alikuwa ameshawasha gari kabla sijaachia kitufe. Mama yule aliishi. Nilimwona mara nyingi baadaye akiuza mihogo barabarani, na kila nikimwona nilikuwa nikimkumbuka yule mtoto wa kiume ambaye hakupata jina.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu wiki iliyopita nilikukuta umeshika kichwa kwenye chumba chako hapo Ukunda. Mtandao wa nyumbani umekukatikia katikati ya mtihani, ukasema unakwenda kununua mtambo mkubwa zaidi. Subiri kwanza. Kisanduku hicho cha Wi-Fi ni redio tu, kama ile yangu. Ghorofa lenu lina nyumba kumi na nne, na kila nyumba ina chake, na vingi vimebaki pale vilipowekwa siku ya kwanza. Ukinunua chenye nguvu zaidi, utawazidishia wenzako kelele na wewe utaendelea kukatikiwa.

Weka kwenye simu yako programu ya kuonyesha nani yuko chaneli gani. Usiangalie saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Angalia usiku, saa mbili, wote wakiwa nyumbani, na uangalie siku kadhaa, uandike. Kwenye masafa ya kawaida, yanayoandikwa 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja. Chagua humo yenye watu wachache. Usijibanze kwenye ya pili au ya tatu kwa kuona ni tupu, maana hapo utapigwa na kelele za pande zote mbili. Ikiwa kisanduku chako kinayo masafa ya juu, yale yanayoandikwa 5 GHz, huko nafasi ni kubwa zaidi, ila hayapenyi vizuri kuta zetu za mawe, kwa hiyo kiweke chumba unachofanyia kazi. Ukishachagua, kijaribu saa ya mtihani wenyewe. Kisha gonga mlango wa jirani, umwamkie, mpatane nani akae wapi. Akikufukuza leo, rudi kesho. Mimi nilikwenda mara tatu.

Na likitokea tena neno limekukatikia, liwe la mwalimu, la mkubwa wako wa kazi au la mwenzi wako, usiliunge mwenyewe kwa kukisia. Uliza. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Nenda sasa ukaifanye kazi hiyo leo, usiiache. Mungu wa baba zangu akupe subira ya kusikiliza kabla ya kuamua, akupe ubishi wa kutokata tamaa getini kwa watu, na kila atakayekuita akiwa na shida akukute uko mahali anapoweza kukupata. Amina, mwanangu.