Chai ya Baba Mkwe

Mume wangu husema mimi nikikaa chini dakika kumi bila kuinuka, basi naumwa. Hakosei. Kazi yangu ni uwezeshaji. Nakusanya watu wa kijiji wenye tatizo moja la mazingira, nawagawa makundi, tunahojiana, tunachora, tunajenga kwa maboksi na magunia mfano wa kile tulichokibuni, tunaujaribu, tunaubomoa, tunaanza upya. Ofisini wanauita ubunifu shirikishi. Shingoni nina filimbi, mkononi simu ninayoitega dakika kumi na tano kwa kila zoezi. Ikilia, mtu akiwa katikati ya sentensi, namkata. Nimekata maneno ya wazee wengi kwa namna hiyo, na nilikuwa najisifu kwamba warsha zangu hazichelewi.

Mwaka ule nilikuwa mbio kuliko kawaida. Wiki hii niko Bunda na wakulima wa pamba wanaovutana na wafugaji juu ya miti iliyopandwa kuzunguka lambo, wiki ijayo niko Kisorya, na kati ya safari hizo, nyumbani kwetu Mwisenge, mjini Musoma, kulikuwa na shughuli ya baba mkwe na mguu wake.

Mzee anaishi Butiama. Alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni, na daktari wa Musoma alitaka kisafishwe na kufungwa kila siku. Akashauri mzee akae kwetu, maana kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mzee alikataa. Alikuja siku ya kliniki, akasafishwa, akapita kutusalimia, na kabla jua halijaanza kushuka alikuwa ameshaomba apelekwe stendi. Sababu ilikuwa ng'ombe. Tukasema ng'ombe wana mchungaji, akasema mvua. Tukasema mvua haijanyesha, akasema basi iko njiani inakuja. Kidonda kikawa kinasafishwa mara moja kwa wiki, na kila alipokuja kilikuwa kimepanuka.

Kilichoniuma zaidi ni chai. Nilimpikia chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaiweka mezani, nikarudi jikoni. Alipoondoka nilikuta kikombe kimejaa vilevile, utando juu. Safari iliyofuata vilevile, na iliyofuata tena. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kamunyonge, wa nyumba ya kupanga. Baba na mama walitoka makabila mawili, kwa hiyo kwetu tulizungumza Kiswahili tu na mila tulizisikia kwa majirani. Tangu siku ya posa nilihisi mzee angependa mkwe wa kwao. Basi nikajijibu mwenyewe: hataki kulala kwangu kwa sababu hanitaki. Nilimwaga chai kwenye sinki na kusugua kikombe kwa hasira, mpaka mume wangu akauliza kikombe kimekosa nini.

Hasira hiyo nikaenda nayo Kisorya.

Kijiji kiko kando ya ziwa, mbele kidogo ya kivuko. Watu walijisaidia kwenye mawe na kwenye matete, mvua ikinyesha inasomba kila kitu hadi ziwani, na maji hayohayo ndiyo ya kupikia. Mradi uliotangulia ulikuwa umewajengea choo kizuri cha matofali, matundu manne, katikati kabisa ya nyumba ili kila mtu afike upesi. Nilikikuta kimejaa nyavu na makasia. Nilikuwa na siku tatu na wanakijiji kumi na wawili, nao ndio waliotakiwa kubuni namna ya kukifanya kitumike.

Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wanafunzi wakiwa likizo. Nikawahesabisha moja, mbili, tatu, ili marafiki wasikae pamoja. Ndivyo nilivyofanya kila mahali. Zoezi la kwanza, kila mtu amhoji mwenzake, wakitazamana usoni, juu ya mahali anakojisaidia na kwa nini. Nikapuliza filimbi.

Wavuvi waliokuwa wanataniana tangu asubuhi wakaanza kukagua kalamu zao. Kwenye kundi la pili kulikuwa na mama mmoja mkaushaji wa dagaa, ambaye wakati wa utambulisho alizungumza kuliko wote. Aligeuka kwenye dawati, akampa mgongo mzee niliyempanga naye, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Mzee naye alikuwa anasoma ukuta ambao haukuandikwa kitu. Nikasogea, nikawaambia zimebaki dakika kumi. Mama akainuka, akatoka nje.

Nikamfuata mbiombio. Alikuwa amesimama nyuma ya darasa, ameshika kanga isichukuliwe na upepo.

"Mama, mbona unatuharibia zoezi?"

"Mwalimu, yule mzee ni baba wa mume wangu."

"Hapa ndani wote tuko sawa," nikasema. Hilo huwa nalisema katika kila warsha.

Akanitazama kwa huruma. "Kula tu siwezagi kula mbele yake. Sasa nimwangalie machoni nimwambie kujisaidia naendaga wapi?"

"Si ungesema wakati tunahesabu?"

"Ulisema tuhesabu, tukahesabu."

Simu ikalia mfukoni, nikaizima. Yeye akaendelea, akinyoosha mkono kwenye kile choo cha matofali. "Unaona milango inakoangalia? Kwenye kibaraza chake. Nikiingia ananiona. Akitoka yeye, niingie mimi? Haiwezekani. Hata yeye haendagi. Wenye wakwe wote hapa hawaendagi, tunajibanaga mpaka giza liingie."

Nikamuuliza, na sauti haikuwa tena ya mwezeshaji, "Na mzee kama huyu akienda kwa mwanawe mjini, choo kikawa kimoja, cha ndani?"

"Hatalala huyo," akasema bila kufikiri. "Na maji yenyewe hatakunywa. Akinywa, atakwenda wapi?"

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimetoka Musoma hadi ncha ya Bunda kuwauliza watu habari za choo, na kwangu mlango wa choo unatazamana na kochi la wageni. Ukifunguliwa, sebule nzima inajua nani kaingia na nani katoka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Vile vikombe vyote nilikuwa nimevisoma nitakavyo, nikamwekea mzee wa watu maneno ambayo hakuyasema.

Nilirudi darasani, nikavua filimbi, nikawaomba wajigawe wenyewe. Haikuwachukua hata dakika tano. Walijua nani asikae na nani kama wanavyojua majina yao. Kesho yake walijenga choo cha kujaribia kwa matete na viroba, wanawake wakapita njia yake mmoja mmoja huku wengine wakikaa vibarazani kuona kama wanaonekana. Walikihamisha mara tatu. Mimi nilikuwa nazunguka uwanja nikitamani siku ziishe nirudi nyumbani, na mchana huohuo mume wangu akapiga simu. Mzee alikuwa amelazwa. Vidole viwili vya mguu vimekatwa.

Sikumwambia mtu. Nilishika kiroba upande mmoja, mama wa dagaa akashika mwingine, tukakifunga.

Mwishowe kijiji kiliamua vyoo viwe viwili, vimepeana migongo, njia ya huku ikipita kwenye mihogo na ya kule ikishukia kwenye mawe. Nilikuwa nimekuja na karatasi za rangi za kuandikia mawazo, boksi zima. Nilirudi nalo karibu limejaa.

Nyumbani nilianza na viroba pia. Niliviwamba kwenye miti minne nyuma ya nyumba, nikakaa sebuleni kuangalia kama mtu anaonekana akienda, nikavisogeza hadi karibu na geti dogo. Mume wangu alicheka, akasema majirani watatushangaa kuchimba choo cha shimo wakati cha kuvuta kipo ndani. Nikamweleza. Akaacha kucheka. Alijua mila hiyo tangu utotoni, ila, alisema, hakudhani baba yake angeipeleka mpaka mjini. Fundi alianza kuchimba siku iliyofuata.

Mzee alipotoka hospitalini alipitia kwetu, anatembea kwa magongo, akiwa tayari ameshaanza habari za ng'ombe. Kwa mila yao, mimi sikuwa na ruhusa ya kumwonyesha choo. Mume wangu alimzungusha nyuma, nikamsikia anasema, "Hiki ni cha kwako, baba. Mama watoto hapiti upande huu." Walikaa huko muda mrefu. Niliweka chai mezani, nikarudi jikoni, nikafuta meza iliyokwisha kufutwa, nikapanga vijiko, nikavipangua.

Baadaye mume wangu akaingia ameshika kikombe. Chini kulikuwa na machicha ya tangawizi tu.

"Mzee anauliza kama imebaki."

Nikalia palepale, kwa ajili ya vidole viwili, na kwa sababu miezi yote ile, mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikumuuliza mtu yeyote. Sufuria ilikuwa tupu. Nikamwambia aseme imebaki, nikawasha jiko upya.