Moto wa Bani na Magoti ya Mama Oska

Siku yangu ya kwanza katika utafiti nilikabidhiwa magoti. Nilikuwa nesi wa wodini, nimezoea kutoa dawa, na Mratibu wa mradi, daktari wa mifupa mwenye kuongea taratibu, aliniona nimekunja uso. "Sista, huku hatugawi vidonge," akasema. "Tunafundisha, tunapima, tunarudi kupima tena."

Basi nikazunguka vijiji vya tumbaku nje ya Songea, nikiwafundisha kina mama ambao gegedu la goti, ule mfupa laini unaozuia mifupa isisagane, lilikuwa limelika. Mazoezi ya mapaja kila asubuhi, kukaa kwenye kiti, na kutochutama kabisa. Mama Oska, mjane, ndiye aliyenipa moyo. Alinijia na fimbo, baada ya muda akaiweka kando. Aliweza kwa sababu mwanawe Oska alimpokea kazi ya bani, nyumba ya kukaushia tumbaku. Moto wake huchochewa usiku na mchana, na mchochezi huchutama mbele ya tanuri.

Mradi wa magoti ulipokwisha nikahamishiwa kwa vijana wavutao tumbaku. Kule hawanunui sigara. Wanasokota majani ya nyumbani. Bosi mpya, Mtafiti Mkuu, alikuwa mtu wa mashine. Kijana anapuliza, mashine inapima hewa ya moshi iliyobaki kifuani. Aliyethibitika kuacha angepelekwa chuo cha ufundi, na Oska, naye mvutaji, alikitaka chuo hicho kama nini. Aliacha kweli. Mama yake alinihakikishia, nami nilimjua mama yule. Lakini kila akipuliza, mashine ilisema anavuta.

"Mkuu, huyu anashinda kwenye moto wa bani, moshi wa kuni ndio mashine inausoma," nikamwambia.

"Najua, sista. Sasa nikiwapokea wote wanaonitajia moto, nitabaki na utafiti gani? Akae mbali na moto, apulize tena."

Rahisi kusema, jamani. Tumbaku ilikuwa ndani, na moto ukizimika jasho la mwaka mzima limepotea. Nilipomweleza Mama Oska akasema, "Nitachochea mimi."

"Mama Oska, na magoti hayo?"

"Magoti yangu yanakwenda wapi tena? Mtoto ndiye anayekwenda."

Akachutama mpaka tumbaku ikakauka. Oska akapuliza safi, Mtafiti Mkuu akampa mkono, kijana akaenda chuoni. Nilifurahi, huku nikiyawaza magoti ya mama yake.

Msimu uliofuata mama alichochea tena, maana hakukuwa na mwingine. Goti likavimba, la pili likafuata, na mradi wa kumsaidia ulikuwa umeshafungwa. Oska aliposikia mama yake anajiburuta uani, aliacha chuo akarudi.

Sasa nimestaafu, nakaa Matogoro, na vijana wa afya hunijia kuuliza kazi ilikuwaje enzi zetu. Wanataka nijivunie. Nawaambia ripoti zote mbili zilisifiwa, na katika zote mbili familia ile imewekwa miongoni mwa waliofaulu. Hilo linaniuma mno, wala sijui nimlaumu nani.

Mwaka jana nilikwenda kuwaona. Oska alikuwa mbele ya tanuri, msokoto mdomoni. Aliutoa kwa heshima, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, nikamwuliza mbona ameurudia.

"Mama, moshi navuta kutwa kucha," akasema. "Huu wangu unaongeza nini?"

Kumjibu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nikamsogezea kuni.